Gundi ya Mfuniko wa Buluu

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Shemeji naye shikamoo yake, maana ufunguo wa sanduku la posta uko kwenye mkanda wake na najua barua humpitia kwanza. Mwanao Kijino nibusie palepale kwenye lile jino.

Simu yako haipatikani tangu Desemba, kwa hiyo nakuandikia kama watu wa zamani. Habari yenyewe ni hii: nimepata kazi! Usicheke. Mimi yuleyule niliyejifungia chooni siku ya kutoa shukrani mbele ya wazazi, nimeajiriwa. Mwenye karakana ni mwanamke, kila mtu anamwita Mkemia. Aliniuliza, "Wewe unaongea?" Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. Akasema, "Basi umepita. Wanaoongea sana hunivurugia vipimo."

Tunatengeneza gundi zenye akili. Ndivyo anavyoziita, nami mwanzoni nilidhani ananitania. Gundi ya kawaida ikishika imeshika. Zetu hushika na kuachia kwa kufuata joto. Ziko mbili. Ya mfuniko wa buluu ukiigusa tu hainati, ni kama rangi iliyokauka. Ikikaa kwenye joto la mwili ndipo hushika, na haiachii mpaka ipate baridi ya friji au barafu. Ikipoa huachia yenyewe bila kuvuta, na ukiipasha tena hushika tena, hata mara mia. Ya mfuniko mwekundu ni kinyume chake: hushika ikiwa haina joto, huachia ikipata joto la mwili. Hiyo ni ya kufungia maboksi. Ya buluu ndiyo ya plasta, kwa watu ambao ngozi yao imechanika na haivumilii kubanduliwa.

Mimi nimepewa mashine ya kuvuta. Nabandika kipande cha plasta juu ya ngozi ya mbuzi, naipasha, mashine inavuta mpaka kimoja kishindwe. Mara nyingi ngozi ndiyo hushindwa kwanza. Mlio wake nausikia hata nikiwa nakula.

Nakutumia plasta kumi, uzijaribu. Ziweke kwenye friji.

Mdogo wako,
Kinda


18 Februari

Kinda wangu,

Marahaba. Hongera sana. Nilimsomea Kijino barua yako yote, akasikiliza kama mtu mzima.

Simu ilidumbukia kwenye ndoo ya kufulia, ndiyo maana. Sisi wazima. Plasta zako zimenifaa kweli, kwa kuwa wiki iliyopita niliteleza kwenye ngazi za nje, nawe ngazi zetu unazijua. Hazikuuma kabisa kubandua. Nikilowesha kitambaa kwa maji ya friji, inaachia kama jani. Naomba nyingine. Ukiweza ziwe pana kama kiganja, na ndefu, za mgongoni. Kama kumi na tano hivi. Au ishirini.

Shemeji yako anakupa hongera, anasema uchape kazi, usiwe kama dada yako asiyeona anapokanyaga. Anapenda utani. Barabara wanayojenga imefika darajani, na amepandishwa cheo. Sasa ni mnyapara wa vibarua thelathini, hata Jumamosi asubuhi huwa yuko huko darajani.

Kijino ameacha kuongea tangu mwezi uliopita. Wanasema watoto wa miaka mitatu huwa hivyo. Labda amekurithi wewe.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Plasta ishirini ndizo hizi. Mkemia anasisitiza kwamba plasta pamoja na karatasi ya maelekezo zikae kwenye friji siku nzima kabla hujatumia, zisije zikaharibika. Pia karakana inaomba karatasi irudishwe, umeandika juu yake idadi ya plasta ulizotumia. Salamu kwa Shemeji.

Kinda

(Ndani ya karatasi ya maelekezo)

Dada, kama unasoma haya, friji imefanya kazi yake. Nilipaka gundi ya buluu kingoni mwa karatasi mbili, nikazibana kati ya viganja vyangu mpaka zikashikana.

Barua yako nilimsomea Mkemia sehemu ya plasta. Sikusema ni ya nani. Akavua miwani. Akasema, "Mtu akiteleza ngazini huumia magoti, viwiko, makalio. Huyu anataka plasta ishirini za mgongo. Ngazi gani hiyo inayomfuata mtu kwa nyuma?" Nilikwenda stoo nikakaa juu ya ndoo.

Dada, ni yeye?

Nijibu humuhumu ndani. Ukizibana karatasi na kuzipasha zitashika tena.


5 Machi

(Ndani ya karatasi ya maelekezo iliyorudishwa)

Kinda,

Nimeifunga kwa kuikalia, maana viganja vyangu siku hizi havina joto. Ukiiona ina umbo, usishangae.

Ni yeye. Mficha uchi hazai, nami nimeficha miaka mitano. Ilianza kwa kofi, nikasema ni hasira za kazi. Sasa ni mpini wa sululu, aliutoa huko barabarani. Hukaa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala na umepewa jina, Mwalimu. Hauchukui mwenyewe. Huniambia, "Kamlete Mwalimu," nami ndiye ninayekwenda kuuleta na kumpa mkononi. Nikichelewa, huhesabu kwa sauti. Hesabu atakayofikia ndiyo idadi ya fimbo. Mara ya mwisho alifika kumi na nne, kwa sababu mguu uliniganda.

Siku ile Kijino alikuwa chini ya kiti, anatazama. Baba yake alipomaliza, mtoto alitoka, akauokota Mwalimu, akauburuta mpaka nyuma ya mlango na kuusimamisha. Hakuna aliyemtuma. Hapo ndipo nilipoona mambo mawili: kwamba nitakufia humu ndani, na kwamba mwanangu atakua akijua hivi ndivyo nyumba zilivyo.

Majirani husikia. Chini yetu anakaa Fundi wa cherehani, mama mtu mzima, yeye huja kugonga. Akigonga, mume wangu huurudisha Mwalimu mahali pake, hujifuta jasho, kisha hufungua mlango akiwa na mikono mitupu na meno yote nje. "Karibu jirani, karibu chai." Askari aliwahi kuitwa mara moja tu. Akauliza, "Nani ameona kwa macho yake?" Mwenye nyumba tuliyopanga akasema yeye amesikia tu. Askari akanywa chai, akaenda zake.

Ubavu wa kushoto unalia nikivuta pumzi. Usimwambie mama.


10 Machi

(Ndani ya karatasi ya maelekezo)

Dada,

Nimeongea! Nilimfuata Mkemia akiwa anakoroga, nikaanza, na nilipoanza sikuweza kunyamaza. Nilimwambia mpaka habari ya Kijino na mlango. Hakuacha kukoroga. Nilipomaliza akasema, "Juu ya stoo kuna chumba, kitanda kimo. Aje na mtoto. Na huyo mnyapara akiwafuata, mwambie mimi humu nina asidi za kila kabila."

Umesema Jumamosi asubuhi huwa yuko darajani. Basi, Jumamosi ya tarehe 20, basi la saa tatu asubuhi. Usibebe chochote. Mshike Kijino mkono kama mnaokwenda dukani. Mimi nitakuwa kituoni nimevaa sweta la shule ili unione haraka. Nimeshatandika na shuka.

Dada, tafadhali njoo. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba unishike mkono tukivuka barabara.


16 Machi

Kwa shemeji yangu mdogo,

Salamu. Mimi si mtu wa kalamu, mimi ni mtu wa sululu, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Barua yako niliichukua posta saa sita mchana, nikaiweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Jua lilikuwa kali. Kufika darajani nikasikia karatasi inatambaa kifuani kama mdudu. Kuitoa, naona karatasi yako ya maelekezo imeachana, imekuwa mbili, mbele ya vibarua wangu. Nikasoma. Basi la saa tatu. Sweta la shule. Shuka umetandika. Una roho nzuri.

Ndipo nikakumbuka barua yako ya kwanza. Uliandika ati gundi hii huachia kwa baridi. Mkadhani nitasoma na kuamini, niende nikipozapoza vitu kama mjinga, kumbe siri yake ni joto. Watoto wa tumbo moja, uongo mmoja. Sasa nimewajua. Mkitaja baridi, ni moto.

Dada yako hajambo. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimevunjika, hivyo vya kushikia kalamu, kwa hiyo usisumbuke kusubiri majibu. Hospitali alitaka kusema tena habari za ngazi. Nikamwambia hapana, leo sema ukweli, sema mlango. Na kweli ulikuwa mlango. Niliufunga mara mbili.

Jumamosi hii nitakuwa nyumbani. Na zote zinazofuata. Ukija, njoo na hiyo gundi. Kuna mdomo mmoja hapa unaihitaji.

Mimi shemeji yako


18 Machi

Mwanangu Kinda,

Hunijui. Mimi ndiye Fundi wa cherehani, nakaa chini ya sakafu ya dada yako mwaka wa sita sasa. Leo ameniletea gauni nilipunguze. Nikamwambia mwanangu, gauni ni lilelile, wewe ndiye unayepungua. Basi akaketi akalia, nami nikafunga dirisha. Anwani yako amenipa yeye. Niandikie kwa sanduku langu, hilo juu ya bahasha. Ufunguo wake ninao mimi, na mimi sina bwana.

Kwanza nitubu. Wakianza kule juu, mimi hukanyaga pedali ya cherehani kwa nguvu zote ili nisisikie. Nimeshona mapazia ambayo hakuna aliyeyaagiza. Siku ya vidole nilishona mpaka sindano ikakatika. Nilipokwenda kugonga, alifungua mikono mitupu, akaniuliza kama nina uzi mweupe wa kumkopesha mkewe.

Sasa dada yako ananena, mimi naandika, pini mdomoni. Anasema: "Kinda, ile barua ilifungukaje?" Anasema tena: "Nitumie kopo la gundi ya buluu. Ya buluu kweli, uihakikishe. Unieleze hupakwaje juu ya mti. Usiniulize ya nini."

Mimi nimeuliza ya nini. Ametabasamu tu, na mtu mwenye vidole vitatu vilivyovunjika akitabasamu, mimi naogopa.

Fundi


23 Machi

Shikamoo Fundi. Asante sana. Nakuomba umsomee Dada maneno haya yote, hata yale ya kunitia aibu.

Dada, ilifunguka kwa sababu yangu. Jumamosi ya kabla ya barua, Mkemia aliniambia nioshe vifuniko vyote kwa kuwa vilikuwa na vumbi. Nikaviosha kwenye beseni moja, nikavianika, nikavirudisha. Makopo yenyewe ni mamoja, na gundi zote mbili ni nyeupe kama maziwa. Mkemia huzitambua kwa kunusa, ndiyo maana hakuwahi kuandika kitu kwenye kopo. Mimi nilitazama mfuniko. Karatasi hazikushika viganjani, ila nilipozilaza mezani zikashika, nami nikadhani gundi imechelewa tu. Barua yako niliifunga kwa gundi inayoachia kwa joto, nikamtumia mtu mwenye kifua cha moto. Vidole vyako vimevunjwa na mtu aliyekuwa anajivunia vifuniko safi. Mkemia hakunigombeza. Alichukua kalamu ya wino, akaandika kwenye kila kopo bila kunitazama. Heri angenigombeza.

Hili kopo nimelijaribu mwenyewe. Nilipaka mpini wa fagio, nikauacha ukauke saa mbili, nikaushika. Mwanzoni hakuna kitu. Nilipohesabu mpaka thelathini, kiganja kikawa cha fagio. Nilivuta, ngozi ikaanza kuchanika karibu na kidole gumba, damu ikatoka, nikaacha. Mkemia alinitoa kwa bakuli la barafu, haikufika dakika moja. Kwa hiyo hii ni ya buluu, naapa.

Paka nyembamba, mara mbili. Ukiigusa na kuiachia haraka haikushiki, ila ukiishikilia. Kiganja kikiwa cha moto hukaza zaidi. Na ikipata joto kupita la mwili, Dada, huyeyuka ikaingia ndani ya ngozi, hapo hata barafu inachelewa. Kwa hiyo kuitoa ni BARIDI TU. Nimepiga mstari.

Nadhani nimejua unachotaka. Mlango ni mti. Unataka kuubandika ili asiwafuate mkikimbia. Lakini mlango hauna joto la mwili, hautashika. Niambie ukweli nikutafutie njia nyingine.

Kinda


28 Machi

Mwanangu,

Soma ukiwa umeketi. Wako hai wote wawili. Wako hapa kwangu, Kijino amelala juu ya mapazia.

Ilikuwa jana Jumamosi, saa nne asubuhi. Tulikubaliana na dada yako kwamba akiambiwa "Kamlete Mwalimu," ataangusha sufuria sakafuni. Mimi nilishamkalisha mwenye nyumba kwangu tangu saa tatu kwa kisingizio cha suruali yake. Nilimpima kiuno mara tano mpaka akasema, "Fundi, mimi si gunia." Ndipo sufuria ikalia juu ya vichwa vyetu.

Safari hii sikukanyaga pedali. Nilisikia yote. Moja. Mbili. Mwenye nyumba akataka kuondoka, nikambana na futi ya kupimia. Ya sita ikalia vibaya, kama mtu amepiga kiti badala ya mtu. Nikamshika mkono tukapanda.

Nikagonga. Hakufungua. Nikasikia kitu kinapigwapigwa ukutani, kama mtu anakung'uta tope kwenye kiatu. Nikasukuma mlango. Dada yako yuko sakafuni, damu inamtoka sikioni. Kijino amekumbatia mguu wa meza. Mumewe amesimama katikati, meno yote nje, jasho linamchirizika, "Karibu jirani, karibu chai," na mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

Nikamwambia, "Asante, nimeshiba. Nipe mkono basi."

Akanipa wa kushoto.

"Jirani, tangu lini mimi na wewe tunapeana wa kushoto?"

Mwenye nyumba akamzunguka kwa nyuma. Akauona mpini, una damu na nywele, na vidole vimeung'ang'ania kama vya maiti. Miaka mitano alikuwa amesikia tu. Akasema, "Loo." Neno moja, lakini alilisema kama mtu anayetapika. Yule bwana akaturukia, akatusukuma nje sote wawili, akapiga komeo.

Mwenye nyumba alikimbilia kituo cha polisi, na sijui kama tangu ujana wake aliwahi kukimbia. Mimi nilibaki nikipiga mlango kwa ngumi na kupiga kelele watu waje. Kisha nikasikia ukelele. Kelele za nyumba ile nazijua zote, mwanangu. Huo sikuujua. Baada yake ukaja wa pili, mkubwa zaidi. Ulikuwa wa yule bwana.

Komeo likafunguliwa kutoka ndani. Dada yako, mtoto begani. Akasema, "Fundi, ita gari la wagonjwa." Tangu hapo hajasema neno. Askari wamemkuta mumewe amepiga magoti juu ya karai, mpini bado mkononi, na mkono wenyewe sitauelezea kwa msichana wa umri wako. Mwenye nyumba ameandikisha maelezo, ameona kwa macho yake, na ametia sahihi kila ukurasa ingawa waliomba ukurasa wa mwisho tu.

Dada yako namwosha, namlisha, hasemi. Mwandikie. Labda wewe, usiyejua kusema, ndiwe atakayekusikia.

Fundi


2 Aprili

Kinda wangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia herufi zinavyoanguka.

Kesho kutwa tunapanda basi la saa tatu. Askari wameniruhusu, mradi wajue nilipo. Yeye bado yuko hospitali. Mkono wa kulia wameukata juu ya kifundo. Wa kushoto wameutia pingu kwenye kitanda. Akitoka, anapelekwa mahakamani, mwenye nyumba na Fundi ni mashahidi. Kwa hiyo nyumba ile imekwisha, Kinda. Nimetoka nikiwa napumua.

Yaliyotokea komeo lilipofungwa sijamwambia Fundi. Wewe lazima nikwambie, kwa sababu gundi ni yako na unaweza kuulizwa.

Mwalimu niliupaka Ijumaa akiwa kazini, mara mbili, nyembamba, kama ulivyosema. Nilichotaka ni aonekane. Afungue mlango ukiwa mkononi, aonekane na mtu mmoja mwenye macho. Nilipanga mpaka hapo tu, nakuapia. Nilijua lazima nipigwe kidogo ili kiganja kipate moto. Kama fimbo tano, nilikadiria. Zilikuwa sita. Ya sita mkono wake ulitaka kubadilisha mshiko, ukagoma, akapiga kiti.

Alipokwisha kuwatoa nje alinigeukia. Sikuwahi kumwona ameogopa. Ana sura ya mtoto akiogopa.

"Umenipaka nini?"

"Gundi ya Kinda."

"Inatokaje?"

Nikamwambia, "Kwa baridi. Barafu iko kwenye friji."

Nilisema kweli, Kinda. Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo.

Akacheka. Mlango unapigwa, Fundi anapiga mayowe, yeye anacheka. "Mpaka leo mnanifanya mjinga? Mimi niliiona kwa macho yangu ikifunguka kwa joto." Maji ya chai yalikuwa yanachemka jikoni. Akapiga magoti, akaweka mkono juu ya karai, mpini na vyote. Akasema, "Lete maji ya moto. Haraka. Nahesabu."

Friji iko karibu kuliko jiko. Hatua tatu. Nilizipita.

Alipofika mbili nilikuwa nimeshafika na sufuria. Miaka mitano na yule mtu, mara yangu ya kwanza kutochelewa.

Baada ya ukelele wa kwanza alijaribu kuvuta, haukutoka. Gundi ilikuwa imeingia ndani ya ngozi, kama ulivyoandika. Macho yamemtoka, mate yanamtoka, bado ananiamuru: "Hayakuchemka! Mengine!" Nikarudi jikoni nikaleta yaliyobaki.

Askari aliniuliza, "Kwa nini hukumpa maji ya baridi?" Nikamjibu, "Nilimwambia baridi. Yeye aliagiza ya moto." Akaandika. Wewe nawe ukiulizwa, sema kila kitu. Hata barua hii waonyeshe. Nimechoka na mambo yanayobandikwa katikati ya karatasi mbili.

Ila kuna ambalo askari alisahau kuniuliza, na wewe sitakuficha. Nilipotaja baridi nilijua hataniamini. Ndiyo maana niliweza kuitaja. Na nilipokuwa namimina sikuwa na hasira, wala sikuwa na hofu. Nilimimina polepole kwa mkono wangu mmoja, nikilenga katikati ya karai, kwa sababu hapendi sakafu ilowe.

Dada yako